Batoto Benu, Bintu Byetu

Nadine, mwipwa wangu,

Mbele ya kusoma, ujue kwanza nani anakuandikia. Anakuandikia muntu mwenye, kama angelala asubuhi moja tu, simu za dunia yote zingezima. Usicheke. Cobalt ya Ruashi inatoka namna gani? Inatoka mu camion, malori makubwa. Camion inatembea juu ya nini? Juu ya pneu, matairi. Na pneu za hii barabara nani anazitengeneza? Miye, mujomba wako Faustin. Muchina anashika simu yake kule kwao, Muzungu anashika yake kule Ulaya, banasema "allo, allo", habajui kama iko muntu mu Ruashi mwenye mafuta ku mikono, njo yeye anafanya ile simu iongee. Wakati moja malaria ilinilaza, camion zilipanga mulongo tokea kwangu mpaka karibu na aéroport, bashofere bakakuja ku kitanda yangu kunibembeleza sawa bibi arusi. Ni kweli kabisa. Uliza muntu yeyote, lakini usimuulize bibi yangu, Mama Odette.

Ninakuandikia juu ya hii: ukinisikia na masikio, unacheka. Nikifungua kinywa tu unasema, "Mujomba ameanza." Karatasi haina ile tabia. Karatasi inavumilia mpaka mwisho.

Mambo ya chumvi, ya sabuni, ya moustiquaire ya kitanda, ya namna ya kusalimia mama mukwe asubuhi, Mama Odette amekwisha kukufundisha. Yeye njo alikulea, anajua kushinda miye, siingii mule. Miye nina neno moja lenye linanikaba tokea leo mchana, wakati bashemeji yako balikuwa mu lupango, uwanja wa nyumba yetu, banakula kuku yetu.

Uliona namna niliinuka. Niliuliza kwa heshima, mbele ya bote: "Bazee, dot, mahari ya mutoto, tulipokea, hatuna deni na muntu. Kesho mutoto anaenda na bwana yake Dieudonné kule Kasenga. Sasa muniambie, kuandikisha ndoa ku commune ni siku gani?"

Mujomba wa Dieudonné, ule muzee wa kofia, akapangusa mafuta ku kinywa polepole, sawa muntu mwenye hana haraka ya kitu. "Commune? Mujomba Faustin, siye tuko bantu ya ukoo. Hatuko bantu ya tampon, ya mihuri ya ofisi."

Bakacheka bote. Dieudonné akaniinamia: "Tutafanya tu, mujomba. Tufike kwanza, tujipange. Tutafanya tu."

Na weye, Nadine, ulicheka pamoja nao. Ulifunika kinywa na kitambaa, lakini niliona meno.

Nilimeza hasira yangu pamoja na mufupa wa kuku, na byote bibili binanikwaruza mpaka sasa. Juu ile "tutafanya tu" ninaijua. Ilikwisha kuingia mu familia yetu mara moja, na niliona yenye ilizaa. Weye ulikuwa mutoto wa ku mugongo, hauwezi kukumbuka. Bantu balikuambia tu "baba alikufa, kisha nyumba ikaenda". Nyumba haina miguu, Nadine. Haiendi. Nitakuambia namna ilienda.

Baba yako hakuwa muntu mubaya. Hapo njo panaponiuma. Kama angekuwa mulevi ao mwizi, ningesema ni vile, tuache. Alikuwa muntu wa kazi. Matofali ya ile nyumba alifyatua yeye mwenyewe, hapa hapa Ruashi, jioni akitoka ku mine, ku machimbo. Na maji ya kukanyagia ule udongo nani alikuwa anachota? Mama yako, dada yangu Mado. Na malata, mabati ya juu, nani alinunua? Ni Mado, na samaki zake za Kasenga, zenye alikuwa anapokea alfajiri na kuzipanga ku soko mpaka mikono inanuka hata ku misa. Ile nyumba ilikuwa ya bantu babili. Kila tofali ilijua.

Nilikuwa namuambia baba yako, "Shemeji, muende ku commune muandikishe ndoa. Mutoto naye, muende mumusemeshe ku état civil, baandike jina lake." Ananijibu akicheka, "Faustin, Mado anajua niko bwana yake, weye unajua, Mungu anajua. Tutatengeneza tu ile karatasi." Alikuwa anafikiri kama anamupenda, basi imetosha. Na alimupenda, ile siwezi kukatala. Alikuwa anamubebea samaki ku kichwa, mwanaume muzima, bantu bakimuchekelea mu barabara yote.

Kisha akashikwa na ugonjwa ya kifua, akakufa.

Sasa sikiliza muzuri, juu hapa njo panapoingia akili yangu, na hapa njo inapoaibika.

Unajua desturi yetu, siye bantu ya upande wa Luapula. Mutoto ni wa ukoo wa mama. Bajomba njo benye mutoto. Na mwanaume akikufa, bintu byake binarudi kwa ndugu zake, kwa batoto ba dada zake, hapana kwa batoto benye alizaa. Ndugu za baba yako balitoka Kasomeno kwa kilio. Balilia muzuri, siwezi kusema uongo, balilia kushinda siye. Mukubwa wao alikuwa Muzee Kaoma, kaka wa baba yako wa tumbo moja.

Siku ya kumaliza kilio, familia mbili zikaikala zikiangaliana. Kila upande na musemaji wake. Kwetu nani angesema kama hapana miye? Hii kinywa yangu, hata bapadri banaiogopa. Nilivaa veste. Mama yako alikuwa ameikala chini ku mukeka, kitambaa nyeusi ku kichwa, weye mu mikono yake. Mujane haongei siku ile, anasikiliza tu.

Muzee Kaoma akakohoa. "Mujomba Faustin, tunauliza kwa heshima. Huyu mutoto Nadine ni wa nani?"

Nadine, nilifurahi! Nilifikiri bamekuja kukunyanganya, na jibu ninayo. Nilisimama mpaka kiti ikaanguka nyuma yangu. Nilisema, "Muzee Kaoma, hii hata jua linaijua! Huyu mutoto ni wetu! Ni damu yetu! Bajomba bake bako hapa, bazima, na nguvu! Muntu wa ukoo wenu asiguse hata unywele wake!" Banamama yetu bakapiga vigelegele. Muntu moja akanirushia shali. Nikaikala, jasho inatoka, nikajiona sawa muntu mwenye ameshinda vita.

Muzee Kaoma akatikisa kichwa polepole, na adabu yote. "Asante, mujomba. Umesema muzuri, na bote bamesikia. Batoto benu." Akajipangusa mikono. "Basi, bintu byetu."

Akapiga mluzi, camion ikaingia.

Ilikuwa imefichwa nyuma ya kanisa tokea asubuhi. Unaelewa? Balikula ugali yetu mchana wote na camion iko inangoja. Na ile ulizo, haikuwa ya kutaka mutoto. Ilikuwa ya kuninyanganya neno. Miye mwenyewe nilisema, mbele ya bashahidi, na sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nikisema mutoto ni wetu, nimesema bintu si byetu. Desturi iko vile, na miye niliijua tokea utoto. Niliijua sawa vile unajua njia ya nyumbani! Lakini siku ile nilikuwa natafuta vigelegele.

Bakabeba kitanda. Bakabeba machine ya kushona, armoire, masufuria, hata ile sufuria ilikuwa ku moto na maharagi ndani. Bakamwaga maharagi chini. Bakatoa milango. Mama yako hakulia. Kijana moja akamukaribia, akamuambia, "Mama, inuka kidogo," bakakunja na mukeka yenye alikuwa ameikalia. Akaikala ku udongo na weye mu mikono.

Miye sikunyamaza, usifikiri. Nilikimbia nyuma ya ile camion, nikashika pare-choc, ile chuma ya nyuma, na mikono mibili, nikakaza miguu. Camion ikakatala kwenda. Shofere anakanyaga, pneu zinazunguka, moshi inatoka, miye niko pale pale sawa nguzo. Kama ile pare-choc isingeng'oka, ile camion ingekuwa pale mpaka leo. Bashahidi bako, lakini bengi balihama.

Na kisha ya siku kidogo nyumba yenyewe ikauzishwa. Sikia sasa kyenye kinanichoma. Ule Muzee Kaoma, muntu wa ukoo, muntu wa desturi za bankambo, ku kuuzisha nyumba hakuita bankambo. Alikimbia mbio ku ofisi! Alitafuta karatasi, alitafuta sinyatire, sahihi za bakubwa, alitafuta tampon, tampon ya muviringo na tampon ya mustari, byote. Ku kunyanganya mujane, desturi. Ku kula faida ya ile nyumba, sheria. Bana haki ku mikono yote mibili, na dada yangu hana hata ku moja! Kwa hiyo leo, ule wa kofia akisema "hatuko bantu ya tampon", nilitaka kumunyanganya kuku yetu ku sahani. Muntu anacheka tampon mpaka siku atakuwa na kitu cha kuuzisha.

Tulienda ku tribunal kushitaki, miye na mama yako. Ku mulango tulikuta karani moja mwenye alikuwa anakula karanga. Anamuangalia mama yako tokea miguu mpaka kichwa, anasema, "Mama, ruhusa ya bwana yako iko wapi?" Juu wakati ule sheria yenyewe ilikuwa inasema bibi hawezi kwenda kushitaki bila bwana kumuruhusu. Nilimuambia, "Karani, huyu ni mujane. Bwana amekufa. Unataka aende ku makaburi agonge?" Akatafuna karanga. "Miye naulizaka bote," akasema. Ile sheria ya ruhusa bameitupa sasa, na balichelewa. Ukisikia muntu ku Kasenga anakuambia mwanamuke hawezi kufanya kazi, ao kufungua compte ya banki, ao kwenda ku tribunal bila bwana kusema ndiyo, muambie habari zake zimeoza.

Ndani tulikuta juge, hakimu mwenyewe, mama moja wa miwani, sauti ya chini.

"Acte ya ndoa, karatasi ya commune, iko wapi?"

Nikasimama. "Mama juge, dot ililipwa yote. Mbuzi niliikula miye mwenyewe, mpaka kichwa."

"Ninauliza acte, papa."

"Bantu bakaja mpaka bakakosa fasi ya kuikala. Kulikuwa fanfare ya tarumbeta."

"Papa. Acte."

Hakukuwa acte. Akageukia mama yako, akamuambia polepole sawa muntu mwenye anafunga kidonda: ndoa ya desturi ni ndoa, hakuna anaikatala, lakini kama haiandikwe ku état civil, muntu wa inje anaweza kusema "siijui", na sheria haina namna ya kumukaza. Kisha akauliza weye. "Acte ya kuzaliwa ya mutoto?" Hakuna. "Baba alimusemesha ku commune?" Hapana. Juge akatoa miwani, akajisugua macho. "Munajua nini munapoteza?" akasema. "Mutoto njo wa kwanza kurithi. Mbele ya kaka, mbele ya mujomba, mbele ya bote. Na mujane ana haki ya kubaki mu nyumba. Lakini munisaidie niwasaidie. Munionyeshe kama huyu mutoto ni wa ule marehemu."

Kuonyesha! Weye mwenye pua yake, mapaji yake, hata namna yake ya kulala umefungua jicho moja! Lakini pua haina namba. Tulipashwa kutafuta jugement, hukumu ya kushika fasi ya acte. Leta bashahidi. Bashahidi bamekuja, ofisi imefungwa. Ofisi imefunguka, mukubwa iko ku mission, safari ya kazi. Mukubwa amerudi, dossier ya karatasi zetu imepotea, muanze tena. Mama yako alikuwa anarudi kuuzisha samaki ku soko na kiatu yenye imeisha upande moja. Siku ingine akaniambia, "Faustin, nimechoka. Mutoto unaye?" Nikamuambia, "Ninaye." Hakuuliza tena juu ya nyumba. Nyuma ya masika mama yako naye akatutoka. Ule mwenye alinunua nyumba alinunua mchana, mbele ya bantu, hakujua kitu. Iko anaikala mule mpaka leo, na ananisalimiaka muzuri. Hata hasira yangu haina fasi ya kumuangukia.

Na muntu asikuambie kama ninatemea desturi mate. Desturi ilisema bajomba bachukue mutoto, siye tulikuchukua. Mama Odette hakuuliza hata mara moja chakula yako inatoka wapi. Lakini ile desturi ilikuwa na upande wa pili: mwenye anarithi bintu anarithi na kazi. Anapashwa kuangalia mujane, kuuliza kama mutoto amekula, kutengeneza lata ikivuja. Muliona Muzee Kaoma hapa hata siku moja, na kilo ya unga? Hata siku ulipokea diplome? Balikata desturi katikati sawa mukate, bakabeba upande wenye nyama, bakatuachia kitambaa yenye ilifunika sahani.

Tokea pale niliapa kujifunza sheria. Nilimaliza masomo ku ya sita ya primaire, na ile ya sita mwalimu alinisaidia kidogo. Lakini nina atelier, karakana yangu ya pneu, pa barabara. Avoka yote, wakili yote ya Lubumbashi, iko na pneu, na pneu ya avoka inatoboka sawa ya muntu yote. Avoka akikuja, ninamuambia, "Maître, franka uache. Unilipe na article moja ya sheria." Anaikala ku bidon ya mafuta, ninatoa chambre à air, mpira wa ndani, yeye anatoa Code de la famille, kitabu ya sheria za familia. Moja alinieleza urithi wote wakati wa kufunga roue, gurudumu ya nyuma. Moja mwenye hakutaka kueleza, nilimutengenezea polepole mpaka akaeleza. Leo kuko ba juge benye bananituma bantu kusema, "Kwanza muulize Faustin." Kusema kweli, juge moja tu, na alikuwa anatafuta pneu. Lakini alituma.

Kwa hiyo sikia yenye nilipata pale ku bidon, juu niliilipia na kazi ya pneu.

Ndoa yenu muandikishe. Hata kama dot imelipwa, hata kama kwaya iliimba. Pale Kasenga kuko ofisi ya état civil, munaenda na bashahidi, munasema, banaandika. Pale batakuuliza kintu kimoja kyenye hakuna muntu anasikiaka, juu banamama banaanza vigelegele mbele ya wakati: bintu byenu bitakuwa bya pamoja, ao byenye mutapata mu ndoa tu njo bya pamoja, ao kila muntu na byake? Niliona harusi ya commune fasi nyingi. Bibi arusi anaangalia photographe, anasema "oui" kwa kila kitu. Weye ujibu na akili. Muongee mbele, mu nyumba, mukiwa munakula. Na siku mutapata mutoto, Dieudonné mwenyewe aende kumusemesha ku commune, mbele siku za sheria zipite, na jina lake. Asitume muntu. Asiseme "tutafanya tu".

Na sasa congélateur, ile friji yako ya kugandisha.

Ninajua mupango yenu. Unaenda na congélateur yako, yenye ulinunua na faida ya maji ya barafu na jus zenye ulikuwa unauzisha hapa ku mulango yangu, jua yote ku kichwa. Munaenda kugandisha samaki kule ku mto na kuzituma Lubumbashi. Mupango ni muzuri. Nilimuambia mama moja wa soko nikasema ni miye nilikupatia akili. Lakini Dieudonné anasema mutajenga nyumba ya ile kazi mu lupango ya mujomba wake, ule wa kofia. Nadine! Mu lupango ya mujomba wake! Ndoa haiandikwe, lupango si yake, si yako, na weye utamwaga pale jasho yako yote bule? Ni ile ile nyumba ya mama yako, na malata mapya.

Nilimuita Dieudonné ku atelier juma yenye ilipita. Hakukuambia, juu nilimukataza. Nilimupatia kiti muzuri, ile yenye miguu yote.

"Mujomba," akasema, "unaniona sawa mwizi?"

"Hapana, Dieudonné. Ninakuona sawa muntu mwenye atakufa."

Akaruka. "Mujomba, unanilaani?"

"Ninakulaani nini? Miye naye nitakufa. Shofere ule unamuona atakufa. Ukiwa muzima, sina wasiwasi na weye, mutoto wetu atakula. Miye ninaogopa ile siku camion itakuwa nyuma ya kanisa, na weye uko ndani ya sanduku, hauwezi kusema 'muache bibi yangu'. Ile siku nani atasema fasi yako?"

Akapangusa jasho ku uso. Kisha akasema, "Mujomba wangu hawezi kufanya vile." Na Muzee Kaoma? Baba yako angeapa mara ngapi kama Kaoma hawezi? Balilala kitanda kimoja utoto wote.

Weye naye najua utasema nini, juu ulisema jana ukifunga bintu: "Mujomba, nikimuomba karatasi, atafikiri simuamini." Niliondoka na hasira yangu, jibu ikabaki njiani. Sasa imefika. Bashofere bangu banaamini frein, breki yao. Kila moja anaamini. Lakini akisimama ku mulima, anashuka, anaweka jiwe nyuma ya roue. Hakuna siku nilisikia camion inalalamika kama habaiamini. Karatasi si ya kumutukana Dieudonné. Ni ya bale benye bataingia wakati yeye hayuko.

Kama mujomba, nilikuwa na nguvu ya kusema leo mbele ya bote, "Mutoto haendi." Nilikaribia. Kisha nikawaza ile siku ya vigelegele, nikaona kama mara ya kwanza niliongea kwa ajili yako, ulipoteza nyumba. Nikaikala.

Lakini kesho asubuhi camion ikikuja, utakuta congélateur imefungwa na munyororo ku nguzo ya atelier. Ni miye niliifunga. Utakasirika. Utasema, "Sasa mujomba na Kaoma, tofauti ni gani? Hii ni mali yangu." Na utakuwa na haki! Ile congélateur ni yako, si ya mujomba, si ya ukoo, si ya bwana. Njo maana funguo nimeiweka ndani ya hii bahasha, nyuma ya karatasi ya mwisho. Ukitaka kufungua, fungua, na miye mwenyewe nitakusaidia kupandisha, mugongo yangu ingali na nguvu. Ukitaka kuiacha mpaka unitumie photo ya acte ya ndoa ku simu, nitakuletea Kasenga miye mwenyewe, na gari ya shofere moja mwenye ananiogopa. Hakuna muntu atakuchagulia. Nilitaka tu uikale dakika moja na ile funguo mu mukono, mbele camion haijapiga klaxon.

Nilikuwa nataka kumalizia pale, na jina langu kubwa chini. Lakini Mama Odette amesoma nyuma ya bega yangu, amesema, "Na ile ingine, ile yetu? Haumuambie?" Kisha ameenda inje. Basi.

Weye na bantu yote ya hii avenue munafikiri miye na Mama Odette tulipita ku commune. Nilisemaka hata bourgmestre, mukubwa wa commune, alilia. Hatukupita. Hakuna bourgmestre. Tulisema tutafanya tu, kisha kulikuwa na pneu nyingi. Ndoa yangu yote hapa ni ya maneno tu.

Dimanche, jumapili yenye ilipita, kisha ya kuongea na Dieudonné, nilioga, nikavaa chemise, nikamukuta anachagua maharagi. Nikamuambia, "Odette, twende ku commune."

"Kufanya nini?"

"Kuoana."

Hakuinua macho. Akatoa jiwe moja mu maharagi, akalitupa. "Na nani?"

Nikamuambia, na miye. Akaendelea kuchagua. Kisha akasema, "Acha nifikiri kwanza."

Mpaka leo anafikiri. Ninamusikia anatembea inje, sijui kama ni ile anawaza. Kesho ukimukumbatia Odette, Nadine, tafazali, umuongeleshe kidogo juu yangu. Umuambie ulinijua tokea utoto.

Mujomba wako,
Faustin